Kitambaa cha Mtungi

Karibu na hoteli ya Kajuju, Asho alifungua kitambaa chekundu kwenye mkono wa mtungi wake wa maziwa ya ngamia, akakificha kifuani. Soko zima la Isiolo lilimjua mjane huyo kwa kitambaa hicho, na leo hakutaka kujulikana.

Tangu Kajuju aseme hadharani kwamba mwanawe ameoana na mwanamume mwenzake ng'ambo, na kwamba yeye kama mama amembariki, watu wa msikiti na wa kanisa waliisusia chai yake. Aliyempelekea maziwa naye angesusiwa. Asho mwenyewe aliiona ndoa ile haramu. Lakini mumewe alipofariki, Kajuju ndiye aliyewapikia waombolezaji.

"Mama Abdinajib."

Ilikuwa sauti ya Hoda, mwenzake wa sokoni, akimwita Asho kwa jina la mwanawe.

"Huu mtungi uchi ni wa nani? Ama umeuokota?"

Asho alikibana kitambaa kifuani.

"Sema tu si wako, mama. Nitaubeba nirudi nao, na hapa hatukuonana."

Neno moja tu la uongo, na kesho angeuza kama kawaida. Asho alimwogopa Hoda, akamwogopa Mungu zaidi. Akatoa kitambaa. Akakifunga kwenye mkono wa mtungi; fundo la kwanza likafunguka, akafunga tena.

"Ni wangu."

Hoda aligeuka bila salaam, akaelekea sokoni haraka.

Asho alibisha mlango wa hoteli. Ndani, Kajuju aliuliza kwa woga, "Nani?"

"Ni mimi, Asho. Nimekuletea maziwa."