Shubiri Moja Juu ya Ardhi

Fundi cherehani alipiga goti sakafuni, pini mdomoni, akaliongeza gauni jipya la mkewe shubiri moja kwa chini. Magauni yake yote yalikuwa hivyo. Bila kile kipande majirani wangeona nyayo zikining'inia hewani, na fundi alikuwa mtu wa heshima zake.

"Geuka," alisema.

Mkewe, ambaye hata yeye alimwita Kocha, akageuka taratibu huku ameshika pembe ya meza, kwa maana mtu asiyekanyaga chini akianza kuzunguka hasimami kirahisi.

Hali hiyo ilimwanza siku ya fainali, enzi akiwa mwanariadha. Mchezo wake ulikuwa kutembea kwa kasi, na sheria mama ya mchezo huo ni kwamba mguu mmoja hauondoki chini mpaka mwenzake uwe umetua. Aliongoza tangu mwanzo, nyonga zikimchezea kama mtu anayepita katikati ya viti vingi, na utepe alishauona. Mwamuzi akamnyanyulia kadi nyekundu.

"Umepaa," alimwambia.

Hakuwa amepaa. Kombe akalichukua mpwa wa mwenyekiti wa shirikisho. Jioni, Kocha alipokwenda kuoga, maji yalipita chini ya nyayo zake bila kuzigusa. Daktari alimpima, akasema presha iko sawa, akamwandikia dawa ya minyoo.

Basi akazoea. Mawifi walipomtembelea walimwagiza avitoe vyombo vya juu kabatini, na balbu zote za mtaa alizibadilisha yeye. Ila ubingwa haukumtoka moyoni. Akageuka kocha, akafundisha mabinti wenye miguu myepesi kama paa, na kila msimu walirudi na kadi nyekundu, mmoja baada ya mwingine. Mwisho akaacha kutafuta wepesi. Akatafuta mzito.

Akampata binti wa muuza mkaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Kishindo. Akipita barabarani, vikombe vilicheza kabatini, na kinyozi aliuondoa wembe shingoni mwa mteja mpaka binti amalize kupita. Tena alikuwa na kasi ya ajabu katika kutembea kwake.

"Huyu," Kocha alimwambia mumewe, "hata adui yangu hawezi kusema amepaa."

"Sawa. Ila apitie upande wa pili," alisema fundi. "Jana sindano imeniruka nikashona kidole."

Mazoezi yalikuwa alfajiri. Kocha alielea ubavuni mwa binti, filimbi shingoni, na siku za upepo Kishindo alimshika mkono asichukuliwe.

"Kanyaga!" Kocha alifoka. "Usiibembeleze ardhi, haijakuzaa!"

"Nikanyage vipi tena, Kocha? Jana nimetoboa lami."

"Toboa."

Siku ya ubingwa jua liliwaka hadi lami ikalainika. Kishindo akaongoza. Kila hatua aliacha shimo ambalo kuku angeweza kuogea. Mbali nyuma yake alikuja mjukuu wa mwenyekiti, akikimbia. Hakujificha. Alikimbia, akasimama kunywa maji, akawapungia watu mkono, akakimbia tena. Mwenyekiti, ambaye alikuwa yuleyule wa zamani, alikaa jukwaani kwenye kiti chenye mto.

Kishindo alipoukaribia utepe, mwamuzi akanyanyua kadi nyekundu.

"Umepaa."

Kocha alifika pale akielea kwa hasira, mpaka akapitiliza na kulazimika kurudi.

"Mwamuzi, tazama barabara! Nyayo zake hizi, zimetoka kule tulikoanzia!"

Mwamuzi alikuwa mtu makini. Aliinama, akatumbukiza kidole kwenye shimo moja, akapima kina chake.

"Ndicho ninachosema," alijibu. "Anayetembea haachi shimo kama hili. Hili ni la mtu aliyetua kutoka juu."

"Na yule anayekimbia?"

"Yule hana alama hata moja. Safi kabisa."

Mjukuu akakata utepe. Mwenyekiti akapiga makofi, na watu wakapiga naye. "Mwenye nguvu mpishe," alisema muuza maji, akaendelea kuuza maji yake.

Kocha alikuwa na maneno aliyoyahifadhi tangu ujana. Alifungua kinywa ayatoe, akahisi anavutwa bega. Kishindo alikuwa amelishikilia kwa mikono miwili.

"Kocha," alisema kwa sauti ndogo, "chini hakuna kitu."

Miguu yake ilikuwa imefika usawa wa kiuno cha Kocha.

"Unaona?" alisema mwamuzi.

Kocha alimkumbatia binti magoti, asizidi kwenda, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha akalia mbele ya watu.

Muuza mkaa aliwakuta mlangoni kwake. Alimtazama bintiye juu, kisha Kocha.

"Dada, nimekupa mtoto anatikisa nyumba, unanirudishia kishada?"

"Nisamehe, mwenzangu."

"Kwani alipaa?"

"Hakupaa. Walipomwambia amepaa, ndipo akapaa."

"Na kombe?"

"Kachukua mjukuu wa mwenyekiti."

"Huyo alitembea?"

"Alikimbia."

Muuza mkaa alijifuta mikono kwenye aproni, mmoja, kisha mwingine, wala haikutakata.

"Mama," Kishindo alisema kutoka juu, "mimi mwakani narudi."

Mama yake alimshika kifundo cha mguu, akamvuta ndani polepole, mkono wa pili ukimkinga kichwa asijigonge kwenye kizingiti cha juu. Kisha akamgeukia Kocha.

"Kesho aje na viatu gani?"

"Vyovyote," alisema Kocha. "Havitachakaa."