Jemadari Asiyekufa

Mazoea yana tabu, jamani. Dada mmoja, fundi wa kompyuta, alifunzwa na kaka yake, mwalimu wa hesabu, kwamba ukigusa msimbo wa programu yoyote, yaani maandishi ya amri zinazoiendesha, andika pembeni umebadili nini na kwa nini, ili atakayekuja nyuma yako asipotee. Miaka ishirini hakuwahi kuliacha hilo. Na ndilo lililomuumbua.

Tangu zamani yeye na kaka yake walikuwa wakipigana katika mchezo wa vita wa kwenye kompyuta, ule wa zamu: unasogeza majeshi yako, unamaliza, unamngoja mwenzako; jemadari wako akiuawa, umeshindwa. Mchezo wa bure, na msimbo wake uko wazi. Mwenye ujuzi anaufungua na kuubadili apendavyo. Kaka alipougua, kitanda kikahamishiwa sebuleni karibu na soketi, na kila jioni dada akifunga duka lake la kompyuta alikuja kupigana. Daktari alikuwa amewaambia ukweli yeye na wifi yake. Wifi akamwapisha: mgonjwa asijue.

Enzi zake kaka alikuwa hashikiki. Sasa dawa zilimlewesha, akawa anawaacha wapanda farasi peke yao na kusahau kulinda ngome. Dada akaingiwa na uchungu. Siku moja kaka kasinzia, dada akaufungua msimbo na kuongeza mistari miwili, ili mshale wowote umkose jemadari wa kaka yake.

Siku nne mambo yakawa shwari. Ya tano akamkuta kaka ameifunika kompyuta.

"Mishale tisa," kaka akasema. "Kila mmoja una nafasi saba katika kumi ya kunipata. Yote imekosa. Mdogo wangu, mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote."

"Bahati yako tu, kaka."

Kaka akaifunua kompyuta, akamgeuzia kioo. Juu ya ile mistari miwili, dada alikuwa ameandika sababu yake kama alivyofunzwa: Kaka asife.

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mke wangu anasema nimenenepa," kaka akasema. "Daktari anasema tutaona. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukinipiga kweli. Nilikuwa naingoja jioni kwa hilo tu. Sasa na wewe umejiunga nao. Mimi sichezi tena." Akageukia ukutani.

Wifi akauliza kutoka jikoni kama wanataka chai.

Dada akaivuta kompyuta, akaifuta mistari yote miwili huku akiisoma kwa sauti ili kaka asikie. Kisha akacheza zamu yake. Mshale wa kwanza ukakosa, wa pili ukakosa. Wa tatu ukampata.

"Umekufa, kaka."

Kaka akageuka, akakitazama kioo, akacheka mpaka akakohoa. "Stahili yangu. Ngome nimeiacha wazi kama mjinga." Kicheko kikamwisha usoni. "Haya. Majuzi daktari aliwaita kando wewe na mke wangu. Alisema nini?"

Dada akautazama mlango wa jikoni. Wifi alikuwa akiosha vikombe.

"Alisema mwezi huu hutaumaliza."

Kaka akampapasa mkono, kama alivyokuwa akifanya zamani dada akiipatia hesabu ngumu.

"Ahsante," akasema. "Panga majeshi upya. Naanza mimi."