Nyumba ya Zaitoun kule Patsy

Idarousse alikuwa mkuu wa stesheni isiyo na treni. Kampuni ya mkonge iliijenga pale Patsy, enzi ambazo vigari vilishusha mizigo kwa reli nyembamba kuelekea bandari ya Mutsamudu. Yalipokuja malori, reli ziling'olewa zikawa nguzo za mabanda ya mbuzi, na mzungu wa mwisho akamwachia Idarousse ufunguo, akaenda zake.

Alipoachana na mkewe, Zaitoun, alitoka na sanduku moja tu, maana nyumba waliyoishi kule Hombo ilikuwa ya mke, kama nyumba zote za visiwa vyetu. Zaitoun akaolewa tena. Yeye akahamia stesheni, chumba cha mizani. Kila asubuhi alifagia jukwaa, sijui akimngoja abiria gani.

Mwaka wa sabini na tisa, mamluki waliokuwa wameipindua serikali mwaka uliotangulia wakalitaka lile jengo liwe ghala lao. Akatumwa karani kutoka mji mkuu, Moroni, jina lake Charif, kuandika historia ya jengo na kujua ni mali ya nani. Idarousse alisimulia hadi adhuhuri, mpaka majina ya waliokuwa wakishika breki. Alifurahi mno, miaka mingi hakuna aliyemuuliza kitu.

Charif akamweleza kwamba hati zote zilichomwa na serikali iliyopita, kwa hiyo neno la mtu lingetosha. Mali ya kampuni ingechukuliwa. Nyumba ya mwanamke, hata wale wenye bunduki hawakuthubutu kuigusa.

"Basi hii ni ya nani, Bakoko?" Charif akauliza, akimwita babu kwa heshima.

Idarousse hakuwa na mama, dada wala binti. Jina lililomjia lilikuwa moja.

"Ya Zaitoun, wa Hombo."

Charif akateremka Hombo kuuliza. Siku tatu Idarousse hakula akashiba, akiogopa Zaitoun angemkana. Siku ya nne karani akarudi. Akasimulia kwamba Zaitoun aliuliza kwanza kama paa bado linavuja, kisha akasema mbele ya majirani wawili kuwa nyumba ni yake.

Idarousse akalia kwa furaha, bila haya.

"Kuna neno jingine, Bakoko," Charif akasema, akitazama karatasi zake. "Anasema ana mume. Haifai mtalaka wake alale nyumbani kwake."

Idarousse alifagia jukwaa, akafunga mlango, akampa Charif ufunguo ampelekee mwenye nyumba. Sanduku lilikuwa lile lile, na halikuwa zito.