Vyungu vya Maua Barazani

Sikuzani alikwenda Kibaha kutazama yatakayompata mtaani kwake, akarudi amefura kwa hasira. Kule mtaa wa zamani ulikuwa umejengwa upya mwaka uliotangulia: kuta nyeupe pe, milango ya nakshi, maharusi wanapiga picha. Lakini kila baraza ilipangwa vyungu vya maua, hapana pa kukaa. Jioni hata wa kukohoa hayupo. Rafiki yake Saida, aliyezaliwa pale, alikuwa amehamia Zegereni. "Pale kwetu sasa pazuri, shoga," alimwambia, "ila hapana wa kukuuliza umeamkaje."

Mtaa wake mwenyewe, pale Kisarawe mjini, nao ulikuwa umekwisha kujengwa upya. Alirudishiwa chumba chake, akashukuru. Baraza ndiyo aliyoitaka zaidi. Hapo mama yake alimfundisha kusuka ukili wa mikeka, na hapo majirani walikutana kila alasiri. Sasa akakuta vyungu vimefika, na fundi anakoroga saruji ya kuvigandisha.

"Shikamoo mama," alisema Kashinje, kijana msimamizi wa ujenzi. "Vyungu lazima. Watu wakikaa, ukuta utachafuka."

Marahaba ilimtoka kwa shida. Kubishana na msimamizi ni kutwanga maji kinuni. Lakini Kashinje alikuwa Msukuma na yeye Mzaramo, na utani haujui cheo. Akanyanyua chungu kimoja, akambebesha.

"Msukuma wee, ng'ombe umewaacha na nani, unakuja kuchunga maua?"

Fundi akaangua kicheko. Kashinje akajikaza, akashindwa. "Wazaramo bwana! Mngelima kama mnavyopiga soga, mngelisha nchi nzima."

Sikuzani akaketi, akanyoosha miguu. "Baraza nimeiteka. Mtani akishika kitu hanyang'anywi, kinakombolewa. Ukinitoa bure, siku ukifa nalala kaburini mwako, tuone watakuzika wapi."

"Haya, nikomboe kwa kitu gani?"

"Vyungu vikae uani. Basi."

Kashinje akatazama saruji iliyoanza kukauka. "Na mkubwa wangu akiuliza?"

"Mwambie mtani kachukua. Naye ana watani wake."

Kashinje akacheka, akamwashiria fundi avihamishe vyote. Ila yeye akabaki amesimama palepale, chungu mikononi.

"Mbona husogei?"

"Mwaka mzima nipo Kisarawe, mama. Baraza zote hizi nimejenga mimi. Hakuna aliyewahi kuniambia karibu."

Sikuzani akaona haya, maana hata yeye hakuwahi. Akajisogeza, akapapasa sakafu mpya ya baraza pembeni yake.

"Tua huo mzigo, mwanangu. Kaa."