Mtoto Asiyekanyagishwa Chini

Mwaka ule wa hamsini na nne, baridi ilipoingia Igowole, Lea hakuwa na raha ya kukaa wala ya kusimama. Akipika, sikio liko mgongoni. Akilima, mkono unarudi nyuma kupapasa mguu wa mtoto. Sedekia, mwanawe wa pili, alikuwa ameshaota meno ya kutafuna mahindi ya kuchoma, anaita watu wote kwa majina, lakini kusimama hasimami. Ukimtua anakaa pale pale kama gunia la viazi, anainua mikono, anasubiri kubebwa.

Chanzo kilikuwa dada yake. Esta, alipokuwa anatambaa, aliponyoka akatia mkono kwenye mafiga, na mpaka leo vidole viwili vya kushoto vimeshikana. Lea akaapa kwamba huyu mwingine hatausogelea moto. Sasa katika nyumba ya chumba kimoja, moto katikati, na nje ukungu na matope yasiyokauka, utamweka wapi mtoto? Mgongoni. Asubuhi mgongoni, shambani mgongoni, jioni mgongoni.

Kisimani wanawake walimtania. "Mama Esta, mwanao chifu? Mbona hakanyagi ardhi ya watu?"

Lea alicheka nao. Njiani alikwenda mbio mpaka nusu ya maji ikamwagika.

Alimpeleka kwa dresa wa zahanati. Dresa akakunja miguu ya mtoto, akaikunjua, akasema mifupa mizima. "Mchana kutwa anashinda wapi?" akauliza.

"Mgongoni kwangu."

Dresa akamtazama kidogo, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Lea akatoka akiona amedharauliwa.

Wiki hiyo hiyo akafika Bibi Damari, mama yake Joachim, mume wa Lea. Alitoka Kalenga kwa lori lililoleta mahindi ya wafanyakazi wa chai. Hata salamu yake ya "kamwene" haikumaliza kuitikiwa.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," alisema. "Kwetu jua lipo, udongo mkavu. Watoto wanagaagaa mpaka humjui yupi wako, na wote wanatembea. Hapa mnamkuza gizani kama uyoga."

"Bado ananyonya, mama," Lea akasema.

"Ataacha. Lori linarudi Jumamosi."

Lea alimtazama mumewe. Joachim alikuwa ameinamia kikombe cha uji kana kwamba kimeandikwa kitu ndani.

"Na akianza kujongea kabla ya Jumamosi?"

"Nikiona hata dalili, nitanyamaza," Bibi akajibu. "Na wewe unajua mimi kunyamaza si kazi ndogo."

Tangu hapo Lea hakutulia kabisa. Kesho yake alimshika Sedekia makwapani akamsimamisha kwa nguvu. Miguu ikalegea kama ugali mbichi. Akamsimamisha tena. Akamkaripia. Mtoto akalia, na yeye akakaa kizingitini akalia, kisha akamrudisha mgongoni kwa sababu ukuni ulikuwa unaanguka kutoka motoni.

Jioni, chakula kikiwa jikoni, Bibi alikuwa anacheza na Esta.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kuna mgeni humu ndani, anakula mchana na usiku, hashibi. Mpe maji, anakufa."

Esta hakufikiri sana. "Moto."

"Haya, nani amekufundisha?"

"Mwenyewe amenifundisha," Esta akasema, akaonyesha vidole vyake. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Lea aliacha kusonga ugali. Mwiko ukabaki umesimama. "Sasa mbona aliyefungwa ni Sedekia," alisema polepole, "na huyo mgeni tumemwacha huru?"

Aliepua chungu, akachukua panga.

"Unakwenda wapi na giza hili linaloingia?" Joachim akauliza.

"Kumjengea mgeni zizi."

Joachim alimtazama mama yake, kisha akamfuata mkewe kwenye mianzi. Walikata mianzi mibichi, wakaipasua, wakayazungushia mafiga uzio kwa mbali kidogo, wakaukandika udongo upande wa ndani ili usishike moto. Wakaacha mlango mdogo wa kupikia, wa kufunga kwa kamba.

"Na mimi nitaota moto wapi?" Bibi akalalamika. "Nimefungiwa nje kama mbuzi."

Asubuhi Lea alitandaza majani makavu na mkeka juu yake, akamtua Sedekia. Sedekia akainua mikono. Lea akaikalia ya kwake. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na kila kilio kilimvuta Lea kama kamba, lakini hakuinuka. Esta akaviringisha gunzi. Sedekia aliacha kulia, akalitazama, akajinyoosha, akaanguka kifudifudi. Pua ilijaa majani.

Siku iliyofuata alijivuta kwa tumbo. Iliyofuata akapiga magoti, anapepesuka kama mlevi wa ulanzi. Lea hakula vizuri siku zote hizo. Alihesabu miiba, mawe, ncha za mianzi.

Jumamosi lori likapiga honi dukani. Bibi alikuwa ameshafunga mzigo wake. Sedekia alikuwa kwenye uzio, ameshika mwanzi kwa mikono miwili. Akajivuta. Magoti yalitetemeka, makalio yakapanda, akasimama. Kisha akaanguka chini kwa kishindo, akakunja uso.

Bibi aliinama kumwinua.

"Mwache, mama," Lea akasema.

Hakuwa amepata kumwamrisha mkwewe hata siku moja. Bibi alinyooka polepole. Honi ikalia tena.

"Joachim," Bibi akasema, "nenda kamwambie dereva aende zake. Nitapanda la mwezi ujao, peke yangu."

Wakati wakizungumza, Sedekia alikuwa ameshafika mlangoni. Akavuka kizingiti kwa tumbo, akaangukia matopeni mikono mbele, akaenda akitambaa. Lea alimfuata hatua moja nyuma, amefumbata mikono yake mgongoni asije akamnyakua, macho yanaruka kutoka kwenye dimbwi hadi kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe hadi kwa mbwa wa jirani.

"Atachafuka huyo," Bibi akaita kutoka ndani.

"Acha achafuke, mama."