Mirija Sita Kwenye Frigo ya Baraka

Anastasie alifika mji wa Baraka, kando ya ziwa, akiwa amelala saa nne tu katika siku tatu, na jambo la kwanza alilouliza halikuwa chakula. Aliuliza kama frigo, jokofu la kituo cha afya, ingali inafanya kazi.

"Iko inafanya," alijibu dada yake, Immaculée. "Infirmier Isidore anaitilia petroli. Lakini we ikala kwanza. Ona vile miguu imevimba."

Hakukaa. Kisanduku cheupe alichokibeba kilikuwa na barafu ya mwisho, aliyoipata Uvira kwa wauza samaki, nayo ilikuwa imebaki kipande cha ukubwa wa yai.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 1998. Vita ya pili ilikuwa na wiki tatu tu. Kituo cha utafiti wa kilimo alikofanya kazi, kule kaskazini milimani, kilikuwa kimeporwa darubini, vitabu, hata milango. Kabla ya kukimbia aliweza kuchukua mirija sita ya plastiki, kila mmoja mdogo kuliko kidole cha mwisho. Ndani yake mlikuwa na kimeng'enya cha muhogo, kile kinachoipa seli ya mmea ruhusa ya kugawanyika, moja ikawa mbili, ili shina lirefuke na jani lipanuke. Miaka minne alikuwa ameitafuta jeni yake. Aliipata, akaipandikiza ndani ya bakteria, nao bakteria wakamtengenezea kimeng'enya chenyewe hadi kikatosha kufanyia utafiti. Alitaka kujua kwa nini muhogo wenye ugonjwa wa majani unadumaa, kama kuna kitu ndani ya utomvu wake kinachokizuia kimeng'enya hicho. Umeme ulipokatika, bakteria wale walikufa. Ikabaki mirija sita.

Njiani, kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alikuwa amekifungua kisanduku.

"Hii iko dawa?"

"Hapana. Haiko dawa."

"Iko ya kula?"

"Hapana."

"Sasa iko na kazi gani?"

Anastasie alijaribu kueleza, akashindwa. Alisema tu, "Tafadhali, funga. Baridi inatoka." Askari alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyepotewa na akili, akafunga, akamwacha apite.

Isidore, muuguzi wa kituo, mwanamume mrefu wa maneno machache, hakuuliza mengi. Alifungua kijisehemu cha juu cha frigo, pale penye barafu, akasogeza vichupa alivyokuwa navyo.

"Iko inatibu nini?"

"Haitibu kitu. Bado ni ya kujifunza."

"Basi ijifunzie hapa," alisema, na hakucheka.

Kuanzia siku hiyo Anastasie alikuwa akija kila asubuhi kuitunza ile frigo. Alikata utambi, akafuta masizi, akapiga magoti sakafuni kutazama moto. Moto ukiwa wa buluu, frigo inapoa. Ukigeuka wa manjano, bomba linajaa masizi na barafu inaanza kulia. Petroli, yaani mafuta ya taa, ilikuwa shida. Mara nyingine alitembea hadi vijiji vya kandokando ya ziwa kutafuta chupa moja. Risasi zikisikika, watu walikimbilia mashambani, naye akakimbia pamoja nao, akarudi, akapiga magoti tena. Wiki saba zilipita hivyo. Magoti yaliota sugu, na kuna siku alishindwa kukumbuka swali gani hasa alitaka kuiuliza ile mirija.

Mwezi wa kumi, pirogi, mtumbwi wa injini, ilileta chanjo ya surua kutoka ng'ambo ya ziwa. Surua ilikuwa imeingia mji wa Fizi, juu mlimani, na watoto walikuwa wanakufa. Lakini masanduku ya kubebea chanjo yalikuwa yameporwa yote, na msaidizi wa Isidore alikuwa amekimbilia Kigoma.

Isidore alimkuta Anastasie akifuta bomba, akamwita kwa jina la kazi yake ya kilimo. "Mama Agronome, mi sipendi kukuomba."

"Lakini unaomba."

"Ndiyo. Naomba."

Kisanduku cheupe cha Anastasie ndicho kilichokuwa kimebaki Baraka nzima. Nacho kilihitaji mtu wa kukichunga wakati Isidore anachoma sindano huko Fizi. Anastasie aliitazama frigo. Mirija asingeweza kwenda nayo, kwa kuwa kisanduku kingekuwa kinafunguliwa kutwa nzima kwenye joto. Alijua moto ule usingemvumilia mtu asiyeuzoea. Kisha akamwita Immaculée, akamfundisha mchana ule mmoja: kata hivi, futa hivi, tazama rangi.

"Na ukizimika?" Immaculée aliuliza.

"Washa tena."

Walitoka alfajiri, kisanduku kimefungwa nyuma ya baiskeli ambayo hawakuipanda hata mara moja, kwa maana njia ilikuwa mbaya na mlima haukwisha. Walifika Fizi giza likiingia. Kesho yake, kanisani, bamama walisimama mstari mpaka nje. Anastasie alifungua kisanduku, akatoa kichupa, akafunga. Alifungua, akatoa, akafunga. Mama mmoja, jina lake Fanny, alikuwa amezika mtoto juma lililotangulia, na sasa alikuwa amembeba mwingine mgongoni. Hakukubali kumshusha.

"Hii dawa yenu ingali na nguvu," aliuliza, "ao ilikufia njiani?"

Anastasie alimshika mkono, akauingiza ndani ya kisanduku, akauacha juu ya barafu. Fanny alishtuka kwa baridi. Kisha akamshusha mtoto.

Walichanja siku mbili. Waliporudi Baraka, Immaculée alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kituo, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Basoda na bunduki zabo balikuja siku ile ile mulitoka," alisema. "Balibeba petroli yote, hata ile ya ndani ya frigo. Nililia, nilibaomba. Balisema bo pia bako na giza."

Siku tatu bila moto. Anastasie alifungua mlango wa frigo, akapokewa na joto na harufu ya mpira uliolowa. Aliinua mrija mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Maji yake yalikuwa meupe, safi, vile vile kama siku alipoyaweka. Kwa macho huwezi kujua. Kungekuwa na mashine ingemwambia, lakini hakuihitaji; alijua kimeng'enya kimeharibika.

"Haiko kosa yako," alimwambia dada yake. Akaenda nyumbani, akalala mpaka kesho yake jioni. Alipoamka, Isidore alikuwa amepata petroli kidogo na alitaka kwenda kuchanja Lulimba. Akaenda naye. Miaka ile ya vita alikwenda naye mara nyingi.

Mwaka 2003 alirudi kaskazini. Chumba chake cha utafiti hakikuwa na dirisha wala meza. Katika jarida moja la zamani alilopewa na mgeni, alisoma kwamba watu wa nchi nyingine walikuwa wamekitengeneza kimeng'enya kile kile cha muhogo, kwa njia iliyofanana sana na yake. Alingoja wivu uje. Haukuja. Alichosikia ni mabega kushuka kidogo, kama mtu aliyepokewa mzigo katikati ya mlima.

Alitafuta karatasi, akakaa chini sakafuni, akawaandikia watafiti wale kuwaomba kimeng'enya kidogo.