Ng'ombe Sitini wa Mzee Abednego

Kosa lilikuwa langu, tena kosa la mtu mwenye diploma. Kwenye fomu ya Kabula ya kuomba msaada wa karo, pale palipoandikwa "mali ya mzazi", niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: ng'ombe sitini.

Niliwahesabu mwenyewe. Ilikuwa mwaka 1996, mimi afisa maendeleo ya jamii pale Mpanda, watu wananiita Bwana Maendeleo ingawa baiskeli yangu haikuwa na breki. Nilifika kwa Mzee Abednego, baba yake Kabula, nje kidogo ya Kawajense, nikakuta ng'ombe wanaingia zizini. Nikamwuliza, "Mzee, mali yenyewe ndiyo hii?"

"Si unaiona?"

Basi. Nikahesabu mikia, nikanywa mtindi, nikaondoka najiona mtaalamu.

Kabula alikuwa amechaguliwa chuo cha mifugo, miaka miwili. Huyu binti tangu darasa la nne ndiye aliyekuwa anaitwa kusaidia kila ndama akikwama tumboni kwa mama yake. Karo ndiyo iliwashinda. Masista walikuwa na mfuko wa kusomesha watoto wa wasiojiweza, na chuo kinafungua baada ya wiki mbili.

Sista Pudensiana, mwenye mfuko, akaniita. Alisoma fomu, akavua miwani.

"Bwana Maendeleo, mwenye ng'ombe sitini anaomba msaada kwangu? Mimi nina kuku wanne. Hapa nani amsaidie mwenzake?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jumamosi naenda kuona mwenyewe. Wakiwa sitini kweli, nafasi nampa mtoto mwingine."

Nilikanyaga baiskeli mpaka kwa mzee. Mkewe, Nyanzala, aliposikia sitini alicheka mpaka akakaa chini.

"Sitini wa kwetu? Wa kwetu ni watatu, na mmoja anachechemea! Wengine wa kufugishwa. Wa watu."

Mimi ni Mfipa. Kwetu ukikuta ng'ombe kwa mtu, unajua ni wa yule mtu. Sikujua kwamba kwa hawa wenzetu wafugaji mtu wa mjini anaweza kukupelekea ng'ombe wake umtunzie, wewe unakamua, yeye anahesabu ndama, na majirani wasijue.

"Mbona mzee hakusema?"

"Hawezi. Anayefugishwa hamtaji mwenye ng'ombe. Zizi la kwanza ni mdomo."

Kabula alikuwa anasikiliza mlangoni. "Baba, sema basi. Mara moja tu."

Mzee Abednego aliangalia fimbo yake. "Ng'wanone, mwanangu, nikisema leo, kesho nani ataniamini?"

Mtoto akarudi ndani. Mtindi siku hiyo sikuumaliza, maana kalamu iliyomharibia ilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa, jicho langu kwenye mikia lilikosea, lakini kwa watu halikosei. Ezekia, mwenye duka Makanyagio, hana hata mbuzi, ila nyumbani kwake samli haiishi. Nikaenda.

"Ezekia, niandikie tu kijikaratasi kwamba una ng'ombe kwa Abednego."

"Ng'ombe? Mimi? Wewe unataka watu wa kodi wanitembelee!"

Mama Pelagia, muuza mchele, alikuwa pale ananunua sabuni. Hata kabla sijamwuliza akasema, "Mie nina mchele tu."

Hapo utani ukanipanda. "Nashukuru, mmenipunguzia kazi. Maana fomu ina muhuri wa serikali, ng'ombe wote sitini ni mali ya Abednego. Sista anakuja Jumamosi kuthibitisha. Nyie msio na ng'ombe msihangaike."

Nikanunua kiberiti, nikatoka napiga mluzi.

Jumamosi tulifika na Sista kwa pikapu yake. Nje ya zizi baiskeli zimepangwa utadhani mnada. Mtu mmoja alikuwa ametoka Inyonga na basi la jana, vumbi mpaka kope.

Ezekia hata salamu hakutoa. "Sista, yule mwekundu wa pembe chini ni wangu! Na mama yake! Na wale sita kule!"

"Ezekia wee, ishia watano," akasema Mama Pelagia. "Huyo wa baka jeupe ni wangu."

"Si una mchele tu?"

"Na wewe si unaogopa kodi?"

Wa Inyonga naye akapenya katikati, ananyoosha kidole, "Hao kumi na moja, hao!"

Sista anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, mabega yanamcheza kwa kicheko. Mwisho wakabaki watatu.

"Na huyu anayechechemea wa nani?"

Mzee Abednego, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akakohoa.

"Huyo wangu."

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka. Sista akakata ile sitini, akaandika tatu, akaweka sahihi juu ya boneti ya pikapu. Nyanzala akapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakaruka. Kabula alikimbia akamkumbatia yule anayechechemea.

"Bwana Maendeleo," Sista akaniuliza, "huko kwenye diploma mlifundishwa hesabu kweli?"

"Kujumlisha tulifundishwa, Sista. Kutoa hatukufika."

Nilidhani wenyewe wataswaga ng'ombe wao waondoke. Hakuna aliyegusa hata kamba. "Mzee hajamtaja mtu," akasema Mama Pelagia. "Tumejitaja wenyewe kwa ulafi wetu. Wabaki."

Siku ya safari stesheni ilijaa kama harusi. Kabula alipanda treni na sanduku la bati na kibuyu cha samli. Ezekia alimletea daftari sita, akasema ni za mkopo, halafu akakimbia asishukuriwe. Treni ikapiga honi, mkono wa Kabula ukapungua, ukapungua, ukaisha.

Nilibaki na Mzee Abednego tunaangalia reli. Nikakaa naye karibu.

"Mzee, kuna ndama jike nimemnunua juzi. Nyumbani kwangu hawajui. Nakuomba unifugie."